Visima vya Ndalu: Ni nani anayepima maji ya mwananchi?

MAJI ya kisima yakitekwa alfajiri huko Ndalu hutoka yakiwa baridi na maangavu, na mgeni anayekaribishwa gilasi moja chini ya mti hana sababu ya kuyatilia shaka. Hayana rangi, hayana harufu, wala hayana ile ladha ya chumvi inayowasumbua wakazi wa sehemu nyingi za pwani na kaskazini mwa nchi. Kwa kipimo cha macho na ulimi, hayo ni maji safi.

Hata hivyo, macho na ulimi si maabara. Viini vya homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara damu havionekani kwa macho. Naitreti, kemikali itokayo kwenye mbolea na kwenye vyoo, haina rangi wala harufu. Kwa hivyo swali ambalo wakazi wa eneo hili, lililo karibu na mpaka wa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, wanapaswa kuwauliza viongozi wao si kama maji yapo. Maji yapo. Swali ni haya: ni nani aliyeyapima, aliyapima lini, na alipata nini?

Kwa visima vingi vya nyumbani katika maeneo ya mashambani nchini, jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyeyapima tangu siku mchimbaji alipopanda kutoka shimoni na kulipwa ujira wake. Huo ndio upungufu mkubwa wa sera yetu ya maji. Taifa hili limejifunza kuhesabu visima, lakini halijajifunza kuyachunguza maji yaliyomo.

Ardhi iliyopungua

Ili kuielewa hatari iliyopo, sharti kwanza tuiangalie ardhi yenyewe. Ndalu imo katika eneobunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, ingawa wakazi wake hufanya shughuli zao pia katika mji wa Kitale ulioko Trans Nzoia. Kabla ya uhuru, nchi hii ilikuwa sehemu ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 mashamba hayo yalinunuliwa na kugawanywa kwa familia za Kiafrika kupitia mipango ya makazi. Aliyepata shamba alikuwa na nafasi ya kutosha: kisima upande mmoja, choo upande mwingine, na zizi la ng'ombe mbali na vyote viwili.

Miaka 60 baadaye, shamba la babu limekuwa mashamba ya wana, na mashamba ya wana yamekuwa vipande vya wajukuu. Kulingana na sensa ya 2019, Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570 na Trans Nzoia 990,341. Wote hao wanahitaji mahali pa kujenga, mahali pa kuchimba choo na mahali pa kuteka maji.

Wataalamu wa afya ya mazingira hupendekeza kwamba kisima kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kwa choo cha shimo, na kwamba sakafu ya choo iwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji yaliyo chini ya ardhi. Tupige hesabu. Eka moja iliyo mraba ina upande wa takriban mita 64, na mwenye eka hiyo anaweza kuitii kanuni hii bila taabu. Robo eka ina upande wa takriban mita 32, na hapo mambo huanza kuwa magumu. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ndiyo hununuliwa na wengi karibu na masoko, ina mita 15 kwa 30 hivi. Kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala nayo ni mita 34 tu.

Maana yake ni kwamba mwenye ploti hiyo akichimba choo katika pembe moja na kisima katika pembe ya mwisho kabisa, ameitimiza kanuni kwa mita chache. Lakini nyuma ya ua kuna jirani, naye amechimba choo chake pale alipoona panamfaa. Hakuna kati yao aliyevunja sheria kwa makusudi. Ardhi yenyewe ndiyo imekuwa ndogo kuliko kanuni.

Mvua inapogeuka kuwa shaka

Udongo ni chujio zuri. Maji machafu yakipenya polepole katika udongo mkavu, viini vingi hufa au hunaswa kabla ya kuyafikia maji ya chini. Tatizo huja na mvua. Katika ukanda huu mvua huanza mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea kwa miezi kadhaa. Usawa wa maji ya chini hupanda, na pale yanapolifikia shimo la choo, chujio hilo huwa halipo tena. Wakati huo huo, maji yatiririkayo juu ya ardhi hubeba samadi na uchafu mwingine hadi kwenye mdomo wa kisima ambacho hakikujengewa ukingo wala kifuniko. Kamba na ndoo iliyolazwa chini penye kinyesi cha kuku hukamilisha kazi.

Ndiyo maana wataalamu hupima bakteria aitwaye E. koli. Aina nyingi za bakteria huyu hazina madhara, lakini huishi katika matumbo ya binadamu na wanyama, na kuwepo kwake majini ni ushahidi kwamba kinyesi kimepata njia ya kufika humo. Pale kinyesi kilipopita, homa ya matumbo na maradhi ya kuhara yanaweza kupita pia. Shirika la Afya Duniani linataka mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na E. koli hata mmoja, na Kanuni za Ubora wa Maji zilizotolewa nchini 2006 ziliweka kiwango hicho hicho kwa vyanzo vya maji ya matumizi ya nyumbani.

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini pekee. Mnamo Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, mkoa wa Ontario nchini Canada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe kutoka shamba lililokuwa karibu na kisima cha mji. Watu saba walifariki na zaidi ya 2,000 wakaugua. Uchunguzi ulibaini kwamba waliokabidhiwa usimamizi wa maji hawakuyatia klorini ya kutosha na walikuwa wakiandika vipimo vya uongo. Walkerton ilikuwa na mabomba, mitambo na wafanyakazi wa kulipwa. Iliangamia kwa kukosa kipimo cha kweli.

Mbolea, dawa na madini

Bungoma na Trans Nzoia ni ghala la mahindi la taifa hili. Mkulima hupanda kwa mbolea ya DAP, na mahindi yakifika magotini hurudia kwa CAN au yurea. Tangu 2022 serikali ya kitaifa imekuwa ikiuza mbolea ya ruzuku, na mwaka 2023 bei ilishushwa hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Hilo ni jambo jema kwa chakula cha taifa, na si nia ya makala haya kumlaumu mkulima. Lakini sehemu ya naitrojeni ambayo mahindi hayakuitumia hugeuka kuwa naitreti na kuteremka na mvua hadi kwenye maji ya chini. Vyoo na mazizi huongeza naitreti iyo hiyo.

Madhara yake huwapata hasa watoto wachanga, na zaidi wale wanaolishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Naitreti huzuia damu kubeba hewa ya oksijeni, na mtoto hugeuka rangi na kuwa wa samawati midomoni na vidoleni. Daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, alieleza hali hii mwaka 1945 baada ya kuona watoto wa wakulima waliokunywa maji ya visima vya mashambani. Iowa, kama Bungoma, ni nchi ya mahindi, na hadi leo haijalimaliza tatizo hilo. Mnamo 2015 kampuni ya maji ya mji wa Des Moines ilizishtaki mamlaka za wilaya tatu zilizo juu ya mto kwa sababu ya naitreti itokayo mashambani. Kesi hiyo ilitupwa 2017, na mzigo wa kuyasafisha maji ukabaki kwa wanywaji.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa kila lita moja ya maji. Na hapa pana jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua: kuchemsha maji huua viini, lakini hakuondoi naitreti. Maji yanapopungua sufuriani, naitreti hubaki, na kiwango chake katika maji yaliyosalia huongezeka. Maji ya mtoto mchanga yanahitaji chanzo salama, si moto pekee. Maziwa ya mama, kwa miezi sita ya kwanza, humkinga mtoto dhidi ya hatari zote mbili.

Dawa za kuua magugu na wadudu nazo zina njia yake. Bomba la kunyunyizia likisafishwa kando ya kijito au kwenye jukwaa la kisima, kilichobaki ndani yake huingia majini moja kwa moja. Vijito vya nchi hii huteremka hadi Mto Nzoia, na Nzoia huendelea na safari hadi Ziwa Victoria. Kinachomwagwa hapa, kuna anayekiteka kule.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya matatizo haya yote ni kuchimba kisima kirefu kwa mashine. Kwa upande wa viini, kisima kirefu kilichojengwa vyema ni bora zaidi. Lakini kina si cheti cha usalama. Huko Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji ya visima virefu yamewaachia watu meno ya kahawia kwa sababu ya floridi inayopita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Nchini Bangladesh, visima vya mabomba vilivyochimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1970 ili kuwaokoa watu kutokana na maradhi ya kuhara vilikuja kugunduliwa kwamba vimewanywesha mamilioni ya watu sumu ya aseniki. Kosa halikuwa kuchimba. Kosa lilikuwa kuchimba bila kupima.

Kutoka kisimani hadi kikombeni

Magharibi mwa Kenya ni mojawapo ya sehemu za dunia ambazo maji ya mwananchi yamechunguzwa sana na watafiti. Ajabu ni kwamba matokeo yake hayajulikani sana na wananchi wenyewe.

Huko Busia, watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyekuja kushinda Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, walichunguza chemchemi zilizojengewa saruji na bomba la kutokea maji. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha kwamba uchafuzi wa E. koli ulipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi. Lakini katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani, ulipungua kwa asilimia 24 pekee. Maji yalitoka yakiwa mazuri na kuchafuliwa njiani: kwenye mtungi usio na kifuniko, kwenye kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono. Hata hivyo, visa vya kuhara kwa watoto wadogo vilipungua kwa takriban robo.

Mwaka huo huo wa 2011, karibu vichujio 880,000 viligawiwa bila malipo katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi, chini ya mradi uliotegemea fedha za biashara ya hewa ya kaboni. Miaka miwili hadi mitatu baadaye, watafiti waliorudi nyanjani walikuta ni takriban nyumba moja kati ya tano iliyokuwa ikivitumia.

Kisha kukawa na utafiti mkubwa uliofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga ukiwahusisha zaidi ya wanawake wajawazito 8,000. Baadhi walipewa klorini, wengine vyoo bora, wengine sabuni na mafunzo ya kunawa mikono, wengine lishe ya watoto. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yaliwashangaza wengi: kuhara hakukupungua katika kundi lolote kati ya hayo. Wapo waliokimbilia kusema kwamba maji safi hayana faida. Huo si ukweli. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio mengi kutoka nchi mbalimbali, uliotolewa 2022, ulionyesha kwamba kutibu maji hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa robo au zaidi.

Funzo la Bungoma ni jingine. Kumkabidhi mama klorini au kichujio na kumwachia mzigo wote peke yake hakutoshi. Ndiye atekaye maji, ndiye akatae au akubali kuni zitumike kuchemshia, ndiye akumbukaye kupima dawa kila mtungi unapojaa. Mradi ukiondoka, na klorini ikiisha, hurudi kwenye kisima chake kama alivyokuwa. Mijini hatumtaki kila mkazi awe mhandisi wa maji yake. Kwa nini tumtake mkazi wa kijijini?

Sheria ipo, mpimaji hayupo

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaikabidhi serikali ya kaunti huduma za maji na usafi. Sheria ya Maji ya 2016 ikaimarisha bodi ya kudhibiti huduma hizo, ambayo hutoa leseni kwa kampuni za maji na kuzidai ripoti za ubora. Kampuni kama ile ya Nzoia, ambayo imekuwa ikihudumia miji ya Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili, inawajibika kuyapima maji inayouza.

Lakini anayekunywa kutoka kwa kisima cha nyumbani si mteja wa kampuni yoyote. Hana mita, hana ankara, na kwa hivyo hana wa kumlalamikia. Haki yake imeandikwa katika Katiba kwa maneno yale yale kama ya mkazi wa mjini, ila haina mtu wa kuitekeleza.

Mtindo huu wa kuhesabu majengo badala ya maji si wetu pekee. Mnamo Machi 2012, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba lengo la milenia kuhusu maji ya kunywa lilikuwa limefikiwa kufikia 2010. Kipimo kilichotumika kilikuwa aina ya chanzo: kisima kilichojengewa kilihesabiwa kuwa bora, hata kama maji yake hayakuwahi kupimwa. Malengo ya sasa yanadai zaidi, yaani maji yasiwe na kinyesi wala kemikali hatari. Takwimu za kaunti zetu nazo zinapaswa kubadilika vivyo hivyo.

Watatokea watakaosema kwamba babu zetu waliyanywa maji haya haya na wakaishi miaka mingi. Ni kweli waliishi, wale walioishi. Wakati wa uhuru, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi hakufikisha miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo 41 kati ya watoto 1,000. Isitoshe, babu alikuwa na jirani mmoja ng'ambo ya bonde. Mjukuu ana majirani wanne, na kila mmoja ana choo.

Yanayowezekana

Hatua za kuchukuliwa zinajulikana, na hazihitaji miujiza. Tangu Septemba 2023 nchi hii imekuwa na zaidi ya wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba. Wanaweza kuandikisha kila kisima na chemchemi, pamoja na umbali wa choo kilicho karibu. Kuna vipimo vya bei nafuu ambapo maji hutiwa ndani ya chupa yenye dawa na kubadilika kuwa meusi yanapokuwa na dalili za kinyesi. Havichukui nafasi ya maabara, lakini huonyesha mahali pa kuanzia.

Maji ya shule na zahanati yapimwe kwanza, mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi na katikati ya mvua. Naitreti ipimwe katika maeneo ya mahindi. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya chifu na langoni mwa shule, kwa lugha inayoeleweka. Visima vya wazi vijengewe ukingo, kifuniko, sakafu ya saruji na mfereji wa kutolea maji. Karibu na masoko, ambako ploti zimekuwa ndogo kuliko kanuni, kaunti isiwahimize watu kuchimba zaidi. Ipeleke mabomba kutoka kwa chanzo kimoja kinachotibiwa na kulindwa. Na pale klorini inapotegemewa, iwe katika bajeti ya kaunti kama chanjo ilivyo katika bajeti ya afya, si zawadi ya mfadhili anayeweza kuondoka kesho.

Chanjo yenyewe ni hatua ya kupongezwa. Ile ya kuzuia kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota ilianza kutolewa nchini 2014, na Julai 2025 watoto walianza kupewa ya homa ya matumbo. Lakini chanjo hukinga dhidi ya ugonjwa mmoja mmoja. Maji salama hukinga dhidi ya mengi kwa pamoja.

Wakati serikali inasubiriwa, mwenye boma naye asikae bure. Choo kipya kichimbwe mteremkoni chini ya kisima, si juu yake. Ndoo ya kisimani isitumiwe kwa kazi nyingine. Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi yakiwa na tope, kisha yachemshwe au kutiwa klorini, na kuhifadhiwa katika mtungi wenye mdomo mwembamba au bomba. Mitungi ya dawa za shamba isioshwe mahali pa kuteka maji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu umeonekana: unapita chini ya ardhi, kati ya choo na kisima, na hupanuka kila shamba linapogawanywa. Wawakilishi wadi wa Bungoma na Trans Nzoia hupitisha bajeti ya maji kila mwaka, na kila mwaka hutaja idadi ya visima vilivyochimbwa. Safari nyingine watakapokuja kukusanya maoni ya wananchi, mkazi wa Ndalu na awaulize swali moja tu kabla ya kupiga makofi: kati ya visima hivyo, ni vingapi vilivyopimwa?